Ngoma na mtihani: Misimu miwili inayogongana katika vyuo vya Mlima Kenya

IFIKAPO mwezi Julai, mji wa Nyeri huwa na baridi kali. Wenyeji hukiita kipindi hicho gathano. Jua hujificha kwa siku nyingi mfululizo na manyunyu huanguka asubuhi na jioni. Ni katika majuma hayo ambapo mlio wa ngoma husikika kutoka viwanja vya vyuo vilivyouzunguka mji huo, na ni katika majuma hayo hayo ambapo ratiba za mitihani hubandikwa kwenye mbao za matangazo.

Kwa mwanafunzi asiyepiga ngoma, mambo haya mawili hayahusiani. Kwa mpiga ngoma, yanahusiana mno. Kikundi kizima kinamngoja uwanjani saa kumi na moja jioni, ilhali karatasi ya mtihani inamngoja saa mbili asubuhi ya siku inayofuata. Akikosa mazoezi, anawaangusha wenzake wote. Akianguka mtihani, anaanguka peke yake, na hakuna mwenzake wa kikundi atakayemsaidia kulipa ada ya kurudia somo.

Ada hiyo si jambo dogo katika eneo hili. Karo nyingi hulipwa kwa fedha za kahawa, za maziwa au za majani chai, na bonasi ya chai inayowafikia wakulima wadogo hutolewa mara moja kwa mwaka, aghalabu mwezi wa Oktoba. Deni la masomo linalozuka Agosti humkuta mzazi mifuko mitupu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi chenyewe, kilicho kilomita sita hivi kutoka mjini Nyeri kwenye barabara ya Mweiga, kilianza mwaka wa 1972 kama taasisi iliyojengwa kwa michango ya harambee ya wakulima wa kahawa wa Nyeri, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili Desemba 2012. Wazee waliochangia walitaka watoto wao wapate vyeti. Ngoma walikuwa nazo tayari nyumbani.

Mbali na chuo hicho, Nyeri ina Chuo cha Walimu cha Kagumo kinachowafunza walimu wa shule za upili, kile cha Kamwenja kinachowafunza walimu wa msingi, Taasisi ya Kitaifa ya Nyeri iliyopandishwa hadhi mwaka wa 2016, tawi la Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC), na Chuo Kikuu cha Karatina upande wa Mathira. Ukiuzunguka mlima kuelekea mashariki unakutana na vyuo vikuu vya Kirinyaga, Embu, Chuka na cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Ni vigumu kupata chuo kati ya hivi kisichokuwa na wanafunzi wanaopiga ngoma kwa namna moja au nyingine.

Ngoma za aina tatu

Anayesema 'mpiga ngoma' katika miji ya Mlima Kenya anaweza kuwa na maana zaidi ya moja.

Kuna kwanza vikundi vya ngoma za kitamaduni vinavyojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya. Tamasha hilo lilianza mwaka wa 1927, na lina vitengo vya shule za msingi, shule za upili, vyuo vya walimu, taasisi za kiufundi na vyuo vikuu. Toleo lake la 95 lilifanyika Nyeri Agosti 2023, baada ya janga la Covid-19 kulisimamisha kwa miaka miwili.

Pana jambo ambalo wageni hawalitambui kwa urahisi. Nyimbo nyingi za jadi za Wakikuyu huegemea sauti za waimbaji, njuga za miguuni na karing'aring'a, yaani chuma cha duara kinachogongwa kwa chuma kingine. Ngoma yenyewe haikuwa na nafasi kubwa kama iliyo nayo upande wa pili wa mlima, kwa Wachuka na majirani wao wa Tharaka. Huko ndiko nyumbani kwa wapiga ngoma wanaojulikana kote nchini, wanaobana ngoma ndefu ya gogo kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja huku viuno vikifuata mdundo. Chuo cha Nyeri kinachotaka kuwasilisha ngoma ya Chuka jukwaani hutegemea wanafunzi wachache waliozaliwa upande huo. Kadhalika, kinachotaka kucheza isukuti hutegemea wana wa Kakamega. Hao wachache hawana wa kuwashikia zamu.

Kundi la pili ni bendi za vijana wa makanisa na maskauti. Boys' Brigade, chama kilichoanzishwa na William Alexander Smith mjini Glasgow, Scotland, tarehe 4 Oktoba 1883, kina mizizi mirefu katika Kanisa la PCEA, ambalo nalo lilitokana na wamishonari wa Kiskoti waliojenga vituo vyao Kikuyu na Tumutumu, karibu na Karatina. Bendi hizo hutumia ngoma za kisasa: ile kubwa inayobebwa kifuani, na zile ndogo zenye nyaya chini yake zinazopigwa kwa vijiti, pamoja na tarumbeta. Maskauti nao wana sababu ya pekee ya kupiga ngoma Nyeri. Mwanzilishi wao, Robert Baden-Powell, alifariki mjini humo tarehe 8 Januari 1941 akazikwa huko huko, na kila mwaka karibu na Februari 22, siku yake ya kuzaliwa, maskauti hufika kuadhimisha kumbukumbu yake kwa gwaride.

La tatu ni vikundi vinavyoundwa kwa ajili ya sikukuu za kitaifa. Tangu serikali ianze kuzipeleka sherehe hizo nje ya Nairobi mwaka wa 2016, miji ya Mlima Kenya imepata zamu zake: Madaraka ya 2017 iliadhimishwa Kabiru-ini, Nyeri, Mashujaa ya 2021 ikafanyika Wang'uru, Kirinyaga, na Madaraka ya 2023 ikaenda Embu. Kaunti inayopewa zamu hukusanya kwaya na vikundi vya wachezaji mapema, na mazoezi huongezeka kadiri siku inavyokaribia.

Si jambo jipya kwa Waafrika Mashariki kufanya mazoezi ya ngoma na gwaride baada ya kazi. Vikundi vya beni vilivyozuka katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, kisha vikaenea bara hasa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia na baada yake, viliwajumuisha askari, makarani na watumishi ambao mchana walikuwa na waajiri wao. Tofauti ni kwamba karani wa wakati ule hakuwa akisubiri mtihani wa saa tatu.

Kalenda mbili, wenyewe wawili

Chanzo cha mgongano huu aghalabu hutajwa kuwa uhaba wa muda. Ukweli ni kwamba muda si tatizo la kwanza. Mwanafunzi anayepiga ngoma saa mbili kwa siku anabaki na saa za kutosha za kusoma katika sehemu kubwa ya muhula. Tatizo ni kwamba kalenda ya ngoma na kalenda ya mitihani hupangwa na watu wasioketi meza moja.

Tamasha la Muziki hufuata kalenda ya shule. Mashindano ya ngazi za chini hufanyika katika muhula wa pili, yale ya kanda hufuata, na fainali za kitaifa huja Agosti shule zikiwa zimefungwa. Mpango huu unawafaa wanafunzi wa shule, ambao mtihani wao wa kitaifa uko mbali mwishoni mwa mwaka. Kwa vyuo hali ni tofauti. Baraza la Mitihani ya Kitaifa (KNEC) limezoea kwa miaka mingi kuandaa mitihani ya biashara na ufundi mwezi Julai na mwezi Novemba. Vyuo vikuu vyenye mihula mitatu kwa mwaka hufunga muhula wa Mei kwa mitihani ya Agosti. Hivyo basi, mwezi ambao mwanafunzi wa shule ya upili anapanda basi kwenda kwenye fainali bila wasiwasi ndio ambao mwanafunzi wa chuo anatakiwa awe ukumbini akiandika.

Janga la Covid-19 liliivuruga hali hiyo zaidi. Taasisi zote za elimu zilifungwa Machi 2020, na zilipofunguliwa, kila chuo kilitafuta njia yake ya kufidia muda uliopotea. Matokeo yake yameonekana kwa muda mrefu: vyuo viwili vilivyo katika mji mmoja vinaweza kuwa na majuma tofauti ya mitihani. Bendi ya kanisa inayowapata wapigaji wake kutoka vyuo vitatu au vinne hujikuta karibu kila mwezi ina mtu aliye kwenye mtihani. Zamani kiongozi wa bendi aliweza kusimamisha mazoezi kwa majuma mawili na kuwaachilia wote. Sasa akifanya hivyo kwa kila chuo, bendi haitakutana kamwe.

Vyuo vya ufundi navyo vimekuwa vikihamia mtaala wa umilisi, ambapo mwanafunzi hutathminiwa moduli baada ya moduli, sehemu kubwa ikiwa ni kazi ya vitendo. Kwa mpiga ngoma, badiliko hili lina pande mbili. Mtihani mmoja mkubwa umegawanyika, jambo linalopunguza uzito wa siku moja. Lakini tathmini zimekuwa nyingi, na siku ya kukaguliwa karakanani haiwezi kuhamishwa kwa sababu mtu ana mazoezi.

Walimu wanafunzi wa Kagumo na Kamwenja wana tatizo jingine tena, nalo ni mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi hupelekwa shuleni kwa majuma kadhaa, wakati mwingine mbali na chuo, na mkaguzi anaweza kufika siku yoyote. Ngoma inabaki chuoni bila mpigaji wake.

Kwa nini ngoma si kama kwaya

Viongozi wa vyuo ambao hawajawahi kushika ngoma huuliza kwa nini kikundi kisiendelee tu bila mtu mmoja au wawili. Swali hilo lina mantiki kwa kwaya. Kwaya yenye waimbaji 60 ikimkosa mmoja wa sauti ya pili, wengine wanaofanana naye wanaijaza nafasi yake na msikilizaji hajui.

Kikundi cha ngoma hakijengwi hivyo. Chukua mfano wa isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ina ngoma tatu za ukubwa tofauti, na kila moja ina kazi yake. Moja hushikilia mwendo, nyingine huujibu, na ya tatu husema juu yao. Kila mpigo huingia kwenye pengo lililoachwa na mwenzake. Ukiiondoa ngoma moja, zile mbili zilizobaki husikika kama maneno yaliyokatwa katikati. Wachezaji nao hupotea, maana miguu yao hufuata ishara ya ngoma na si hesabu ya kichwani.

Hii ndiyo sababu lawama humwangukia mpiga ngoma kwa uzito usiolingana na umri wake. Kijana wa miaka 20 huambiwa kwamba kikundi kizima kimeshindwa kufanya mazoezi kwa sababu yeye alikuwa maktabani. Wengi huamua kunyamaza na kwenda uwanjani. Majuto huja matokeo yanapotoka.

Baridi ya Julai nayo huongeza gharama ambayo haimo kwenye ratiba yoyote. Ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi iliyowambwa juu ya gogo hunyonya unyevu na kulegea, na ngoma iliyolegea hutoa mlio mzito usio na makali. Dawa yake ni jua, na jua likikosekana, ni moto. Vikundi vya Nyeri hulazimika kuwasha moto wa kuni au wa karatasi na kuzungusha ngoma karibu nao hadi ngozi ikaze. Baada ya muda mfupi kwenye manyunyu, kazi hiyo huanza upya. Mazoezi yaliyoandikwa kuwa ya saa mbili huishia kuwa ya saa tatu na nusu, na muda huo wote unatoka kwenye saa za kusoma. Bendi zinazotumia ngoma za kisasa zenye utando wa plastiki hazina shida hii, na hiyo ni sababu mojawapo ya mazoezi yao kumalizika kwa wakati.

Mkono wenyewe nao huchoka. Anayepiga ngoma ya Chuka au isukuti hutumia viganja vitupu. Baada ya mazoezi marefu viganja huvimba na vidole hukakamaa, na kesho yake vidole hivyo hivyo vinatakiwa kushika kalamu kwa saa tatu. Walimu wa ngoma wenye uzoefu hawawaruhusu wapigaji wao kupiga kwa nguvu zote jioni ya kuamkia mtihani. Huwaacha wapige polepole, au waimbe midundo kwa mdomo tu.

Yanayosemwa na kanuni

Wanafunzi wengi hushiriki mazoezi bila kusoma kanuni za mitihani za chuo chao, kisha huzisoma wakiwa wamechelewa. Kanuni hutofautiana toka chuo hadi chuo, lakini yapo mambo yanayofanana.

Katika vyuo vikuu vingi vya umma nchini, alama za somo hugawanywa kati ya kazi za muhula, ambazo aghalabu huchukua asilimia 30, na mtihani wa mwisho unaochukua asilimia 70. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefanya vizuri katika majaribio ya muhula hawezi kupita kwa hayo pekee. Vyuo pia hudai kiwango fulani cha kuhudhuria mihadhara kabla ya kumruhusu mtu kuingia ukumbini, na saa ambazo mpiga ngoma alikosa darasani kwa ajili ya safari za mashindano huhesabiwa iwapo hazikuombewa ruhusa.

La muhimu kuliko yote ni tofauti kati ya mtihani maalumu na mtihani wa kurudia. Mtihani maalumu hupewa mtu aliyekosa kuandika kwa sababu iliyokubaliwa na chuo, kama vile ugonjwa au msiba, na alama zake huhesabiwa zote kama alivyozipata. Mtihani wa kurudia ni wa aliyeanguka, na katika vyuo vingi hata akijibu kila swali vyema huandikiwa alama ya chini ya kupita, ambayo kwa kawaida ni 40. Mpiga ngoma aliyekwenda kwenye mashindano bila barua anaweza kujikuta katika kundi la pili, ilhali mwenzake aliyekwenda safari hiyo hiyo akiwa na barua yuko katika la kwanza. Si kila chuo kinachokubali safari ya tamasha kuwa sababu ya kutosha. Hilo huulizwa mapema kwenye afisi ya mkuu wa wanafunzi na kwa mkuu wa idara, na jibu hutakiwa liwe la maandishi.

Mitihani ya KNEC haina mwanya huo. Karatasi moja huandikwa siku moja na saa moja kote nchini, na hakuna mkuu wa chuo mwenye uwezo wa kuisogeza mbele hata kwa dakika kumi. Mtahiniwa aliyeikosa husubiri msimu mwingine wa mitihani. Kwa hiyo ratiba ya baraza hilo ndiyo inayopaswa kuwekwa mezani kwanza, kisha nyingine zote zipangwe kuizunguka.

Mbinu za vikundi vilivyozoea

Vikundi vinavyodumu mwaka baada ya mwaka huanza kazi Januari na si Juni. Kabla ya kugawa ngoma, mkufunzi huomba ratiba ya mitihani ya kila mshiriki, hata ikiwa ni ya makadirio, na kuilinganisha na tarehe za mashindano. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye karatasi nyingi Julai hapewi ngoma ya kuongoza. Anaweza kucheza, kuimba au kufundisha wengine, majukumu ambayo kutokuwepo kwake hakuyavunji.

Mbinu ya pili, nayo ndiyo inayookoa vikundi vingi, ni mpigaji wa akiba. Kila ngoma huwa na watu wawili wanaoijua, mmoja akiwa wa mwaka wa kwanza au wa pili. Wakati mkubwa yuko kwenye mtihani, mdogo hushika mazoezi. Siku ya jukwaani huamuliwa nani yuko tayari. Mpango huu huwakera baadhi ya wapigaji hodari, wanaoona kwamba nafasi zao zinanyemelewa. Lakini ndio unaomwezesha mtu kufunga mlango na kusoma bila kupigiwa simu. Una faida nyingine pia: mpigaji hodari akihitimu, ujuzi haundoki naye kwenda Chuka au Kakamega.

Mazoezi yenyewe hugawanywa. Si lazima kikundi kizima kikutane kila jioni. Wapiga ngoma watatu wanaweza kukutana kwa dakika 40 wakati wa chakula cha mchana na kumaliza sehemu yao, wachezaji wakakutana jioni wakifuata mdundo uliorekodiwa kwa simu, na wote wakaungana mara moja au mbili kwa juma. Mpigaji wa bendi ya kanisa hana haja ya ngoma ili kuzoeza mikono yake. Kipande cha ubao kilichobandikwa mpira kinatosha, na hakiwasumbui wanaosoma chumba cha pili.

Ugunduzi wa zamani wa mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliouchapisha mwaka wa 1885, unahusu pande zote mbili za maisha ya mwanafunzi huyu. Alionyesha kwamba jambo linalojifunzwa kwa vipindi vilivyotawanywa hukaa akilini kuliko lile linalolundikwa kwa mkupuo mmoja. Wapiga ngoma hulijua jambo hilo kwa mikono yao: hakuna aliyewahi kujifunza mdundo mgumu kwa usiku mmoja. Ajabu ni kwamba wengi wao bado hujaribu kusoma silabasi nzima kwa usiku mmoja.

Usingizi ndio unaoibwa kwanza. Anayetoka uwanjani saa mbili usiku, akala, akaoga kwa maji baridi na kuanza kusoma saa nne, hufikia saa nane za usiku akiwa amesoma kidogo na kushika kidogo zaidi. Baadhi ya vikundi vimehamishia mazoezi alfajiri, kabla ya mihadhara, ili jioni iwe huru. Mpango huo unafaa Embu au Chuka. Nyeri mwezi Julai, alfajiri, ngozi za ngoma hazikubali.

Funzo la Marekani

Marekani ina vikundi vya vijana vya ngoma na tarumbeta vinavyoshindana chini ya shirika la Drum Corps International, lililoanzishwa mwaka wa 1971 na kufanya mashindano yake ya kwanza ya ubingwa mwaka uliofuata. Washiriki wengi ni wanafunzi wa vyuo, na umri wa kushiriki una kikomo mwanzoni mwa miaka ya 20. Vikundi hivyo huishi barabarani kwa majuma mengi, vikilala shuleni na kufanya mazoezi mchana kutwa.

Inawezekanaje? Jibu ni kalenda. Mazoezi ya miezi ya baridi hufanyika wikendi, mara moja kwa mwezi au zaidi. Kambi kubwa huanza Mei vyuo vingi vinapofunga, na ziara huanza mwishoni mwa Juni na kumalizika Agosti kabla ya mwaka mpya wa masomo. Hata hivyo mgongano haukuisha: kila Mei wapo washiriki ambao mitihani yao haijamalizika, na vikundi huwapokea wakiwa wamechelewa kwa siku kadhaa. Wamelikubali hilo kuwa sehemu ya mpango.

Kenya haina likizo moja ndefu inayovifunga vyuo vyote kwa pamoja, na hivyo mfano huo hauwezi kunakiliwa. Linaloweza kuchukuliwa ni lile la kukiri mapema kwamba baadhi ya wapigaji watachelewa, na kutengeneza kipande ambacho kinaweza kufundishwa bila wao mpaka wafike.

Siku zinazosahauliwa

Barua ya kuomba ruhusa huandikwa na kikundi kupitia kwa mkufunzi, si na mwanafunzi mmoja mmoja. Hutaja majina na nambari za usajili za wote wanaosafiri, tarehe ya kuondoka na ya kurejea, na karatasi za mtihani zinazoangukia siku hizo. Nakala hubaki kwa mwanafunzi. Barua inayofika majuma manne kabla ya mtihani hujadiliwa. Inayofika baada ya mtihani huingia kwenye mlolongo wa rufaa, ambao unaweza kuchukua muhula mzima.

Kuna tarehe ambazo barua nyingi huziacha. Fainali za Tamasha la Muziki hazimalizikii jukwaani kwa wanaoshinda. Washindi huteuliwa kutumbuiza mbele ya Rais, kama ilivyofanyika mwaka wa 2023 katika Ikulu Ndogo ya Sagana, na kabla ya hapo hubakishwa kwa mazoezi zaidi. Mpiga ngoma hajui kama atakuwa miongoni mwao mpaka matokeo yatangazwe. Barua inayoishia siku ya mwisho ya mashindano haimlindi katika siku hizo za ziada, na iwapo ana karatasi asubuhi ya Jumatatu, atalazimika kuchagua akiwa ndani ya basi. Vikundi vilivyowahi kufika huko huandika tarehe mbili za kurejea, ya kushindwa na ya kushinda.